Ukiwa na Euro 15 Berlin: Kibanda cha Tambi, Meza ya Mvietnam au Bufee ya Kujipakulia?

Mpwa wangu alitua Berlin mwezi Oktoba kuanza chuo, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani swali lake la kwanza halikuwa la chumba wala la bima. "Mjomba, hapa watu wanakula wapi?" Hesabu alishazipiga ndani ya ndege. Siku sita atajipikia wali na maharage, siku ya saba atoke akale chakula cha moto alichopikiwa na mtu mwingine, na jumla isivuke euro 15, kinywaji humo humo.

Nikamwambia kwa fedha hiyo ale kwa Waasia. Mkahawa wa Kijerumani wenye kitambaa mezani utaimaliza hiyo 15 kwenye sahani peke yake. Kebabu ya Waturuki aliijua ndani ya siku tatu bila msaada wangu. Lakini "kwa Waasia" ni jibu la kivivu, sawa na mtu kukuuliza Kariakoo nguo zinauzwa wapi ukamjibu "madukani". Kuna kibanda cha tambi kando ya stesheni, kuna Mvietnam mwenye meza na viti, kuna bufee ya kula mpaka uchoke, kuna Wachina wa mtaa wa Kantstraße, kuna Wahindi. Bei za ubaoni zinakaribiana, ila unachotoka nacho mlangoni hakifanani hata kidogo. Basi tukazunguka wiki baada ya wiki, mimi nalipa, yeye anaandika kwenye simu. Bei ninazotaja ni za risiti zetu hizo za Berlin. Ukiwa Leipzig punguza kidogo, ukiwa München ongeza.

Kibanda cha tambi

Wajerumani wanakiita Asia-Imbiss. Ukubwa wake ni kama duka la vocha, kimeegemea ukuta wa stesheni ya S-Bahn, treni za mjini, na juu ya dirisha kuna ubao wa picha zenye taa kwa nyuma, kila picha na namba yake. Kijerumani hakihitajiki, unataja namba tu, na hapo hapo ndipo mpwa wangu alipojikwaa. Ishirini na tatu kwa Kijerumani ni "dreiundzwanzig", yaani tatu na ishirini. Yeye akaigeuza mara mbili kichwani, akatamka 32. Alitaka tambi na kuku za euro 6.50, akaletewa bata mwenye ngozi kavu wa euro 9.90. Akala kwa furaha zake, nikalipa.

Kwenye boksi la kawaida unapata tambi za ngano zilizorushwa ndani ya karai juu ya moto unaonguruma, kabichi, karoti, vichipukizi vya choroko, na vipande vya kuku waliovikwa unga. Sosi unachagua mwenyewe: tamu-chachu, ya karanga, au ile nyekundu ya tui la nazi. Chupa ya pilipili iko kaunta na haina bei, na hilo kwa mtu wa kwetu si jambo dogo katika nchi ambayo mwenyeji akikuonya kwamba chakula ni kikali mara nyingi anamaanisha kina pilipili manga. Boksi dogo ni euro 5 hadi 6, kubwa 7 hadi 8. Dakika tano, umelishika mkononi.

Unafuu huo una sababu zake. Ndani wapo mume na mke, kodi ni ya chumba kidogo, mhudumu hakuna, choo cha wateja hakuna. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani kilianza mwaka 2015 kwa euro 8.50 kwa saa, na kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90. Mwenye kuajiri wahudumu watatu hawezi kukuuzia boksi la euro 6 akalala usingizi.

Sifa zinaishia hapo. Kuku alikaangwa asubuhi, akarudishwa kwenye mafuta ulipoagiza. Sosi ya tamu-chachu inachotwa kwenye ndoo. Saa moja baadaye kiu inakushika kana kwamba umekula ng'onda. Ukilazimika, agiza wali wa kukaanga na mayai au tambi na tofu, sosi kando, na usimame uone karai likifanya kazi. Kinachopikwa ukiwa umesimama hapo na kilichokaa ndani ya kabati la kioo tangu saa tano si chakula kimoja, hata kama namba ubaoni ni ile ile.

Sasa tazama bango. Linasema China, joka limechorwa, taa nyekundu zinaning'inia. Halafu sikiliza wanavyozungumza nyuma ya karai: mara nyingi ni Kivietnam. Mpwa wangu aliona huo ni ujanja wa biashara. Nikamwambia akae nimhadithie.

Mwaka 1980 Ujerumani Mashariki ilitiliana saini na Vietnam mkataba wa kuleta wafanyakazi viwandani. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989 walikuwapo karibu 60,000. Waliishi mabwenini, na kwa miaka mingi mwanamke aliyeshika mimba aliwekewa mambo mawili mbele yake, aitoe au arudishwe kwao. Viwanda vilipofungwa, aliyekubali kuondoka alipewa tiketi na mark 3,000, fedha ya Ujerumani ya kabla ya euro. Aliyekataa alitakiwa aonyeshe kipato halali ndipo akubaliwe kukaa, na utaratibu wenyewe wa kukubaliwa haukupatikana hadi mwaka 1993. Ajira hakuna, kipato kinatakiwa, basi kilichobaki ni kujiajiri: maua, mboga, cherehani, karai. Chakula cha Asia walichokizoea Wajerumani wa siku hizo ni kile cha "Mchina", kitamu na kichachu, na vipande vya nanasi juu. Mvietnam akawapikia hicho hicho walichokijua. Cha kwao akakila mwenyewe nyuma ya pazia, kwenye kiti cha plastiki.

Katika nchi hiyo hiyo walikuwapo pia majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Wamsumbiji kwa maelfu walikuja kwa mkataba wa mwaka 1979, wakakatwa sehemu ya mshahara kwa ahadi kwamba wataikuta nyumbani. Wengi walirudi baada ya ukuta kuanguka, wakawa wanaandamana Maputo kuidai, na jina walilopewa huko ni Madgermanes. Nawaza wakati mwingine: wangebaki kwa wingi, leo pengine kila stesheni ya Berlin ingekuwa na kibanda cha kisamvu.

Nimeirefusha hadithi hiyo kwa sababu ndiyo inayonisaidia kuchagua kibanda. Pita saa tisa alasiri, wateja wamepungua, uone mpishi anakula nini. Ukimwona ameinamia bakuli la supu yenye majani mabichi juu, tafuta karatasi iliyobandikwa chini ya ubao, imeandikwa kwa mkono. Mara nyingi ipo. Hicho ndicho chakula cha pale, na zile picha zenye taa ni za wapita njia.

Mvietnam mwenye meza

Supu hiyo siku hizi imetoka nyuma ya pazia. Watoto wa wale waliokuja na mikataba walifungua mikahawa ya kwao wenyewe, bila joka, na sasa hiyo supu, jina lake phở, unaipata karibu kila mtaa wa Berlin ya ndani. Jioni bakuli ni euro 11 hadi 14, mchana 9 hadi 11.

Mpwa wangu aliliinamia bakuli, akanusa, akanyanyua uso. "Mjomba, mbona inanukia pilau?"

Hakukosea. Mdalasini umo, karafuu zimo, iliki nyeusi kubwa imo, pamoja na lile tunda kavu lenye umbo la nyota. Tangawizi na vitunguu vimechomwa motoni mpaka ngozi ikaungua ndipo vikatumbukizwa. Mifupa ya ng'ombe imechemka kwa saa nyingi juu ya moto mdogo, povu likienguliwa mara kwa mara. Tofauti na pilau ni kwamba hapa viungo havibaki kwenye sahani, vimetoa roho yao ndani ya maji na kuchujwa. Juu yake tambi bapa za mchele, vipande vyembamba vya nyama, kotimiri, vitunguu vya majani, ndimu pembeni. Kwa bibi yangu Tanga hii ingekuwa supu ya asubuhi, na chapati angeidai.

Kwa nini naiweka juu ya boksi la tambi wakati inazidi kwa euro 4? Kwa sababu boksi linaweza kukosewa na usijue; sosi inaficha. Supu haina pa kujificha. Inayofaa ni nyembamba, unaona chini ya bakuli, macho madogo ya mafuta yanaelea, na utamu wake unakuja baada ya chumvi, si kabla. Ikiwa nzito na tamu kama imetiwa sukari, imetoka kwenye pakiti. Kijiko kimoja kinatosha kukupa jibu.

Menyu nayo isomeke. Maneno machache ya Kivietnam yatakuokoa kuliko Kijerumani kizima: bò ni ng'ombe, gà ni kuku, tôm ni kamba, heo au lợn ni nguruwe. Wasiokula kitimoto waangalie hasa bún chả, maana ni nguruwe hata kama maelezo ya Kijerumani yamesema "nyama ya kuchoma" tu. Roli za kukaanga nazo mara nyingi zina nyama hiyo ya kusaga ndani. Na kukosekana kwa nguruwe kwenye bakuli hakufanyi ng'ombe wake awe wa halali. Kwa Mwislamu anayetaka moyo utulie, neno la kutafuta ni chay, chakula kisicho na nyama wala mchuzi wa samaki, kinachotokana na mapokeo ya Wabudha. Berlin kuna mikahawa ya Kivietnam ambayo menyu yake nzima ni chay, na wapishi wake wanajua kuifanya tofu iwe chakula.

Mwenye mzio wa karanga asome herufi ndogo zilizo juu ya jina la kila chakula. Sheria ya Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 inamtaka kila muuza chakula ataje vitu 14 vinavyoleta mzio, karanga, kamba, soya na ufuta vikiwamo. Kila mkahawa una herufi zake, hivyo A ya huku si A ya kule. Funua ukurasa wa mwisho. Kwenye ukurasa huo huo utakuta namba ya "Geschmacksverstärker", ile chumvi ya kukoleza ladha. Mimi hainisumbui, ila wengine husema inawaumiza kichwa.

Kasoro? Zipo. Phở inashibisha haraka na kuachia haraka; kijana wa miaka 20 aliyetoka mpirani atataka kingine baada ya saa mbili. Huyo mwagizie bún bò Nam Bộ, tambi za mchele zisizo na supu, nyama ya ng'ombe ya moto juu, majani tele, karanga zilizotwangwa, na mchuzi wa dagaa walioozeshwa kwa chumvi. Usiogope harufu ya huo mchuzi, mtu aliyekulia karibu na soko la samaki ataelewa. Halafu kuna ile mikahawa ya Mitte, katikati ya jiji, yenye taa za mianzi na vinywaji ndani ya mitungi ya kioo. Bakuli lile lile ni euro 17. Taa za mianzi nazo hulipiwa.

Kabla hujabadilisha mkahawa, badilisha saa

Jambo moja nililomwambia mpwa wangu mapema, naye akalichukulia kama maneno ya wazee, ni Mittagstisch, yaani meza ya mchana. Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa sita mchana na saa tisa au kumi, mikahawa mingi ya Waasia huweka ubao wa chaki nje wenye vyakula sita au saba kwa bei ya mchana. Mpishi ni yule yule na sahani ni ile ile, ila bei imeshuka kwa euro 2 hadi 4, na mara nyingine unaongezewa kibakuli cha supu au roli ndogo mbili. Wanafanya hivyo kwa sababu watu wa maofisini wana nusu saa tu, wanakula na kuondoka, na meza moja inauzwa mara tatu. Jioni meza hiyo hiyo inakaliwa na wapenzi wawili kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa chupa moja ya maji.

Kwa mwanafunzi mwenye vipindi vya kuruka huu ni mwanya wa bure. Chakula chako cha nje kiwe mchana, wali wako na maharage uwe usiku. Likizo za kitaifa na wikiendi mwanya unafungwa, hata kama ubao bado umesimama nje.

Bufee

Hii ndiyo aliyoitamani. Rafiki zake wa darasani walikuwa wameshamwambia: unalipa mara moja, unakula mpaka unyooshe mikono. Nikampeleka, tena mara mbili, kwa sababu ziko za aina mbili.

Ya kwanza ni ile ya zamani yenye trei za chuma zinazopashwa moto kwa mvuke kwa chini: kuku wa tamu-chachu, tambi, kamba wa kukaanga, ndizi za kuvikwa unga zenye asali. Mwisho wa ukumbi kuna kile kinachoitwa chakula cha Kimongolia. Unajaza sahani nyama mbichi, samaki, ngisi na mboga, unachagua sosi, mpishi anavitupa juu ya chuma cha moto na dakika tatu baadaye unarudishiwa. Mongolia yenyewe haihusiki. Upishi huo ulibuniwa Taipei, Taiwan, mwaka 1951. Lakini hapo ndipo penye thamani ya fedha yako. Kila kilicho kwenye trei kimekuwa kikikusubiri, hiki cha chuma kinakusubirisha wewe. Mpwa wangu alianza na sahani mbili za wali wa kukaanga na tambi, na alipofika kwenye ngisi alikuwa hana nafasi. Wali na tambi vimewekwa mwanzo wa mstari kwa makusudi.

Aina ya pili ni ya kompyuta kibao. Unaagiza vipande vichache kila baada ya dakika kumi hivi, vinaletwa, unaagiza tena, mpaka muda wenu, mara nyingi saa mbili, uishe. Sushi nyingi, mishikaki ya nyama, roli. Chakula ni kipya kuliko cha trei kwa sababu kinatengenezwa ulipoagiza. Mtego uko kwenye maandishi madogo: ulichokiacha unalipia. Mimi katika mkahawa mmoja nililipa euro 1 kwa kila kipande, vipande sita, vya wali baridi ambao sikuutaka tangu mwanzo. Aliyeagiza ni mpwa wangu, kidole chake kilikuwa chepesi.

Sasa hesabu. Mchana siku ya kazi tuliona kati ya euro 14 na 17. Jioni 22 hadi 27, na Jumapili mchana huhesabiwa kama jioni. Kinywaji hakimo. Soda ya lita 0.4 ni euro 4.50, na ukikaa saa mbili ukila vyenye chumvi hutamaliza na moja. Kwa hiyo bufee ya "16" ni euro 21 ukiwa mwangalifu, na kwa 21 Mvietnam wa mchana anakupa bakuli mbili kwa siku mbili tofauti.

Kwa mtu mmoja sishauri. Lakini tulipokwenda na shemeji yangu na watoto wake wawili mambo yaligeuka. Watoto walilipiwa nusu, kila mmoja akala alichotaka, asiyekula samaki hakulazimishwa, na hakuna aliyelia kwamba chakula chake kimechelewa. Shemeji mwenyewe alikula chakula kikiwa cha moto kwa mara ya kwanza mwezi ule. Hilo peke yake lina thamani ambayo risiti haiandiki. Uliza tu mapema watoto wanahesabiwa kwa umri au kwa kimo, maana tumekuta yote mawili.

Wachina wa Kantstraße, na Wahindi

Kantstraße iko Charlottenburg, karibu na stesheni ya Savignyplatz. Mgahawa wa kwanza wa Kichina Berlin, Tientsin, ulifunguliwa mtaa huo mwaka 1923, wakati vijana wa Kichina wakisoma katika chuo cha ufundi cha jirani. Zhou Enlai, yule aliyekuja Dar es Salaam Juni 1965 akiwa waziri mkuu wa China, alikuwa mmoja wa vijana wa Kichina walioishi Berlin mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920. Leo bata wa kuchoma wananing'inia madirishani na wateja Wachina wamejaa ndani, ishara ambayo sijawahi kuona ikidanganya.

Ila usiende peke yako. Vyakula vinawekwa katikati na kila mmoja anachota, kama sinia. Wali unaagizwa kando. Sahani moja ni euro 14 hadi 18, na ukiwa peke yako unakula ladha moja kwa bei ya mkahawa mzima. Mkiwa wanne mkaagiza sahani nne na wali, kila mtu anakula vinne kwa bei ya kimoja. Mwenye upweke wake atafute bakuli la tambi za kuvutwa kwa mkono, zenye supu ya ng'ombe na mafuta ya pilipili, euro 12 au 13.

Kwa Wahindi sina maneno mengi. Menyu ya mchana ni euro 8 hadi 11, wali umo, dengu zao ni nzuri, unashiba kweli kweli. Tatizo ni letu: tumekua na biriani ya Mombasa na chapati za ajuza, halafu hapa unapewa mchuzi wenye krimu uliopozwa kwa ajili ya ulimi wa Mjerumani, na naan inaongezwa kwenye bili kwa euro 3. Sema "richtig scharf", kali kweli kweli, na umtazame mhudumu machoni, labda wataamini. Hapo pia ndipo rahisi zaidi kupata kuku wa halali, ila uliza, usikisie kwa jina la mkahawa.

Yanayotoka mfukoni bila kuandikwa ubaoni

Ukisema "Wasser" unaletewa chupa ya maji yenye gesi. Mpwa wangu alisema hivyo mara moja tu, euro 6.20. Maji ya bomba yanaitwa Leitungswasser na ni salama kabisa, lakini hakuna anayelazimika kukupa bure. Kuna wanaoleta bila neno, kuna wanaotoza, na kuna wanaokununia. Faida ya mkahawa wa bei nafuu iko kwenye vinywaji, siwalaumu. Sisi huagiza birika moja la chai ya tangawizi au ya mchaichai tukagawana.

Bakshishi haiachwi mezani. Mhudumu anakuja na bili ya 12.40, wewe unamwambia "dreizehn fünfzig", yaani 13.50, naye anakata hiyo na kukurudishia kilichobaki. Asilimia 5 hadi 10 inatosha, na kwenye kibanda si lazima. Atakuuliza pia "zusammen oder getrennt", pamoja au kila mtu chake, na Wajerumani watagawana mpaka senti. Ukialikwa na Mjerumani beba fedha zako. Mwaliko wake mara nyingi ni wa kwenda pamoja, si wa kulipiwa. Na zibebe za noti, kwa sababu "nur Barzahlung", taslimu tu, bado imebandikwa kwenye milango mingi. Kilichobaki kwa Mvietnam au Mhindi omba kufungiwa, "einpacken, bitte", hawashangai. Kwenye bufee usijaribu.

Alivyoamua mwenyewe

Baada ya wiki saba alinionyesha simu yake. Alhamisi mchana ana saa mbili kati ya vipindi, na nyuma ya chuo kuna Mvietnam mwenye ubao wa chaki. Hapo ndipo kwake. Boksi la tambi ameliweka kwa usiku wa kutoka maktaba. Bufee mara moja kwa muhula, na wenzake, mchana, bila kugusa wali.

Kisha nikampeleka nilipokuwa nimepaficha. Lichtenberg, mashariki kabisa, ukipanda tramu ya M8 na kushuka Herzbergstraße, kuna Dong Xuan Center, soko la Wavietnam lililopewa jina la soko la Hanoi. Mabohari marefu yamejengwa palipokuwa kiwanda: kucha za bandia kwa katoni, maua ya plastiki, mashine za kunyolea, na katikati yake mikahawa ambayo menyu imeandikwa kwanza kwa Kivietnam. Phở yetu ilikuwa euro 10, bakuli kubwa kuliko la mjini, na meza ya pili kulikuwa na wazee wanne wakila kimya, wa umri wa kuwa walikuja na ile mikataba. Dukani mle ndani tukapata bamia, muhogo wa barafu na ndizi za kupika, akabeba chakula cha siku tatu mgongoni.

Usiende Jumanne tu. Wanafunga.